Maharage Hamsini ya Mama Muuguzi

Mtu aliyefika kwake na mtoto anayekohoa hakupewa dawa kwanza, alipewa maharage. Sahani mbili za bati ziliwekwa mezani, moja tupu, nyingine ikiwa na maharage meupe hamsini kama mtoto hajatimiza mwaka, au mekundu arobaini kama ameutimiza. Mama aliketi, akamfunua mwanawe kifua, na kila kifua kilipoinuka akahamisha punje moja. Muuguzi alisimama kando na saa yake. Dakika ilipokwisha alisema, "Basi," kisha akaitazama sahani. Punje zikibaki, aliketi. Zikiisha kabla ya dakika, yaani mtoto anapumua mbio mno, alikuwa ameshafungua mlango wa chumba cha pili, cha wagonjwa wa hatari.

Jina lake silitaji. Katika vilima vya Burungu hakuna aliyelitumia. Kwa mkulima wa maharage, kwa mchungaji wa ng'ombe na hata kwa paroko, alikuwa Mama Muuguzi. Nilimfahamu kwa miaka mingi. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari, msomaji wa masomo kanisani, na mtu aliyependa kusahihisha wengine kuliko kula. Ninaandika habari zake kwa sababu nilimkosea mbele ya watu, kosa lenyewe lilihusu pumzi ya mjukuu wangu, na neno moja nililopaswa kumwambia lilinikaa kooni zaidi ya miaka miwili.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na alivaa buti za mpira hata siku za jua, kwa kuwa hakuiamini barabara. Koti lake jeupe lilipigwa pasi ya makaa kila asubuhi. Msimu wa mvua ulipoanza, na vifua vya watoto vikaanza kukwaruza, aliacha kushikana mikono na mtu yeyote, alitoa kiwiko. Alimpa kiwiko chifu, mbele ya wageni wake. Chifu alikasirika.

"Mama, mukono wangu iko muchafu?"

"Wako hapana, Papa Chifu. Wangu njo umeshika pua ya batoto makumi mawili tangu asubuhi."

Chifu akatoa kiwiko. Tangu siku hiyo wazee wote wa kilima walisalimiana kwa viwiko wakati wa mvua, wengine wakidhani ni desturi ya ukoo wa chifu.

Maneno yake yalikuwa machache, na aliyarudia mpaka watoto wa shule wakayaigiza wakati wa mapumziko. "Angalia kifua." "Mutoto ananyonya ao hanyonyi?" Lakini lililojulikana kuliko yote lilikuwa swali: "Sindano ya nini?"

Anayeijua nchi yetu ataelewa kwa nini swali hilo liliudhi. Kwetu mgonjwa ambaye hakuchomwa hajatibiwa. Baba akirudi nyumbani na mtoto asiye na hata alama ya sindano, majirani humuuliza kama muuguzi hakuwapo. Na ng'ambo ya barabara, mita hamsini kutoka kituoni, palikuwa na kibanda cha dawa ambacho mwenyewe hakuuliza maswali.

Siku moja nilikuwapo alipofika mchimbaji kutoka Rubaya, matope ya koltani yakiwa bado yamekauka kwenye suruali yake hadi magotini. Alikuwa ametembea na mtoto wa miaka miwili mgongoni, tena alikuwa na pesa, na alitaka ijulikane.

"Mama, weka mutoto seromu, ile maji ya mushipa. Na sindano ya nguvu, ile ya bei."

"Sindano ya nini, Papa?"

"Ya homa! Haumuone? Makamasi inatoka kama mugezi."

Maharage yalikuwa yamehesabiwa; kumi na mawili yalibaki kwenye sahani. Mtoto alikuwa akitafuna ukanda wa koti la muuguzi.

"Hii iko virusi, Papa. Virusi njo kadudu kadogo kabisa. Sindano yako itakapita kando, kama vile pikipiki inapita mutu ku barabara, inamuachia vumbi tu. Mutoto ataumia, kadudu katacheka."

"Sasa mimi nimetembea kutoka Rubaya ju ya kupewa maneno?"

"Umepewa maharage pia."

Watu walicheka, na mchimbaji, baada ya kutafuta mahali pa kuweka hasira yake, akacheka naye. Aliondoka na dawa ya kushusha homa, maelezo ya maji ya chumvi ya kusafishia pua, na amri ya kurudi kesho kutwa. Alirudi. Mtoto alikuja akitembea mwenyewe.

Nisieleweke vibaya: kabati lake lilikuwa na dawa za kuua bakteria, na mtoto aliyezihitaji alizipata mara moja. Lakini hakukubali kumpa mtoto dawa ili kumtuliza baba yake. Mimi, niliyefundisha maadili darasani, nilichelewa kuona kwamba hilo lilikuwa jambo la maadili. Niliona uvivu, nikaisema fikra hiyo hadharani.

Kilichonishangaza zaidi kwake ni namna alivyojifunza. Mara kwa mara aliitwa kwenye mafunzo, akapanda lori la mizigo, akarudi baada ya wiki moja. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo baada ya misa, alisimama mbele ya altare na buti zake, akaanza daima kwa neno lile lile: "Nilikosea."

Kisha alieleza. Kwa miaka, alisema, kila mtoto aliyekohoa alimwandikia dawa ya maji ya kuua bakteria, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa. Leo inajulikana kwamba vifua vingi vya watoto wachanga hujazwa na virusi, kwamba dawa ile haivigusi, tena inawafundisha bakteria wengine ukaidi. Kwa miaka aliwaambia kwamba chanjo moja ya surua inatosha. Leo anasema mbili. Zamani alimzuia mtoto anayeharisha asile; leo anasema anyonye, ale, anywe maji ya chumvi na sukari, na wadogo waletwe wapewe matone ya chanjo mdomoni, yanayokinga mharo ule wa virusi uliokuwa ukitunyang'anya watoto.

Siku hiyo mzee mmoja alipaza sauti kutoka benchi la nyuma: "Mama, kila mwaka unakosea! Tukuamini namna gani?"

"Ju ya vile kila mwaka nawaambia," akajibu. "Ule wa kibanda, amekwisha kuwaambia mara ngapi?"

Mimi nilikaa karibu na kitabu cha masomo nikitikisa kichwa. Niliamini kwamba mtu wa mamlaka hapaswi kujivua nguo mbele ya watu. Katika miaka yote ya kufundisha sikuwahi kumwambia mwanafunzi hata mmoja kwamba nilikosea, na si kwa sababu sikukosea.

Mama Muuguzi hakuwa na chuki na desturi za wazee. Surua ilipopita kwenye vilima, bibi mmoja alimficha mjukuu wake katika chumba cha ndani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Kwa desturi ya pale, mwenye surua haogeshwi wala hanyweshwi maji, ili vipele vitoke vyote. Mama Muuguzi aliingia akiwa amekunja mikono ya koti, na mimi nilimfuata nikitegemea kusikia karipio ambalo ningelitumia darasani. Aliketi chini gizani, akamshika bibi goti.

"Giza, bibi, mulipata vizuri kabisa. Macho ya surua inaumwa na mwangaza. Muache giza. Maji njo mulikosea."

Bibi, aliyekuwa amejiandaa kwa vita, akaleta maji. Mtoto akanyweshwa kwa kijiko palepale gizani, akapewa tone la vitamini A, na la pili kesho yake, kwa ajili ya macho na nguvu za mwili. Alipona, na bibi akawa ndiye anayepita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu kwamba yeye na muuguzi wamegundua dawa ya surua: giza na maji. Mama Muuguzi hakumkanusha.

Mtu huyu, aliyewanyima wanaume wazima sindano za watoto wao, alipopatwa mwenyewe na mafua alilala kama anayengoja padre na mafuta ya mwisho. Nilimtembelea nikamkuta amejifunika hadi puani, akimwamuru msichana aliyekuwa akijifunza kazi kwake.

"Nipige seromu. Mifupa inavunjika."

Msichana akasimama mlangoni, akiogopa, kisha akashindwa kujizuia. "Seromu ya nini, Mama?"

Mama Muuguzi akageukia ukuta, na tukaona blanketi likitikisika, tulidhani analia. Alikuwa anacheka. Alikunywa chai ya tangawizi, akapona baada ya siku nne, akilalamika kila siku kati ya hizo.

Vivyo hivyo, aliyetuhubiria tusubiri huku tukiangalia hakuweza kusubiri sufuria. Alikula maharage yakiwa bado magumu, na aliimba kwaya kwa sauti iliyowafanya wengine watazame viatu vyao. Alikuwa na haya ya kusifiwa, ila ukizisifu buti zake aliinamia kuzifuta.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mama wengi waliishi mbali na kituo, kwa hiyo aliwapa maharage waende nayo: mfuko mdogo wa kitambaa, punje zilizohesabiwa, uzi wa kuufunga. Wakishaona tarakimu ya dakika imebadilika kwenye simu, waanze kuhamisha punje. Ikibadilika tena, waache. Hata asiyejua kuhesabu aliweza. "Punje zikiisha mbele ya dakika," aliwaambia, "musiulize ni wapi iko dawa. Muulize ni wapi iko oksijeni."

Lakini kwetu kitu kidogo kilichofungwa kwa kitambaa, kikatolewa na mtu mwenye ujuzi kwa ajili ya kifua cha mtoto, kina mahali pake panapojulikana. Haukupita mwezi, watoto wa kilima kizima walikuwa wamevaa mifuko ya maharage shingoni. Wengine hawakuifungua kamwe. Waliamini punje zenyewe zinazuia kikohozi, na bibi mmoja alidai nyeupe zina nguvu kuliko nyekundu.

Nilipoona, damu ilinichemka. Nilisimama kanisani Jumapili mbili mfululizo kuzungumza juu ya hirizi. Na Jumapili ya tatu binti yangu Neema alitoka kanisani na mwanawe Furaha, wa miezi minne, na shingoni mwa mtoto ulikuwa mfuko. Mjukuu wa msomaji wa masomo! Nikauvuta uzi ukakatika, nikamwaga punje zote uwanjani, na kuku wa paroko wakaja mbio. Watu walikusanyika. Mama Muuguzi alikuwa miongoni mwao.

"Papa Mwalimu," akasema, "kuku bamekula chombo ya kazi."

"Wewe ndiye uliyeleta upagani huu," nikamjibu, kwa sauti ya darasani. "Mwanamke msomi, unawavisha watoto wa Kristo hirizi!"

"Mimi nilifundisha kuhesabu. Wao bakavalisha shingo. Ni kosa, na itakuwa ya kwangu pia. Lakini hii kosa haiui mutoto. Siku pumzi itaenda mbio, mufuko iko karibu. Ya kwako, Papa, inaweza kuua."

Nilimwambia kwamba sitafundishwa maadili na mpiga sindano asiyepiga sindano. Baadhi ya wanaume walicheka, nami nikafurahia kicheko chao. Yeye aliinama, akaokota punje tatu ambazo kuku hawakuziona, akazitia mfukoni, akaenda zake.

Miezi mitatu baadaye mapigano yalifika vilimani, ikatubidi kuhama, kama wengi. Kituo kilifungwa, naye akaelekea upande mwingine na wagonjwa wake, sikumuaga. Sisi tulishika njia ya Walikale kwa miguu: mimi, mke wangu, Neema na mtoto. Siku ya tatu Furaha, ambaye alikuwa na mafua tangu tulipoondoka, aliacha kunyonya. Mchana huo tulifika kijiji kimoja ambako mtu alikuwa na rafu ya dawa chini ya turubai.

"Leta mutoto hapa, Papa," akasema huku akiivunja chupa ya sindano. "Nitamupiga mbili. Mupumzike hapa, kesho iko muzima."

Nilikuwa nimeshamnyanyulia mtoto mkono wa nguo. Nasema hili ili lijulikane.

"Papa Neema, ngoja," mke wangu akasema. "Simu yako iko na sharji?"

"Iko."

"Toa."

Aliuma pindo la kitenge cha kumbebea mtoto, uzi ukakatika, na maharage meupe yakamwagika juu ya nguo aliyoitandaza.

"Hayo umeyapata wapi?"

"Kwa Mama Muuguzi mwenyewe. Ya kwanza ulilisha kuku. Ya pili sikukuonesha."

Neema akamfunua mtoto. Tarakimu ikabadilika, nikasema, "Anza." Punje zilihama moja moja, kisha zikawa kama zinakimbia. Ngozi kati ya mbavu za Furaha ilikuwa ikivutwa ndani kwa kila pumzi. Nilikuwa nimembeba asubuhi nzima bila kuiona. Neema alihamisha punje ya hamsini. Nilitazama simu. Dakika ilikuwa ile ile.

Mke wangu alikuwa ameshasimama.

"Munaenda wapi?" mwenye rafu akalalamika. "Sindano njo hii!"

"Sindano yako haitamupumulia," akasema, kisha akamgeukia kijana wa pikipiki: "Kaka, ni wapi iko oksijeni?"

Pikipiki iliwachukua Neema na mtoto hadi kituo cha afya, na sisi tukafuata kwa nyingine. Kufika kwetu tulimkuta Furaha amelazwa, kibanio kidogo chenye taa nyekundu, cha kupimia oksijeni ya damu, kwenye kidole chake cha mguu, na mrija mwembamba puani ukitoka kwenye mashine ya oksijeni iliyounguruma kwa nguvu za jua. Muuguzi kijana alikuwa amemsikiliza kifua, amempima malaria, na sasa alikuwa akimtoa makamasi kwa maji ya chumvi, matone machache kwa wakati. Alinieleza kwamba ni virusi, vimeziba vijinjia vidogo vya mapafu. Hakuna dawa ya kuviua. Mwili wa mtoto utavishinda wenyewe tukimshikia pumzi siku hizo chache. Angesubiri hadi kesho, alisema, kisha hakuimaliza sentensi.

"Na sindano?" nikauliza. Naapa niliuliza.

"Sindano ya nini, Papa?"

Nikamtazama vizuri. Alikuwa yule msichana wa mlangoni, mwanafunzi wa Mama Muuguzi.

Siku ya nne Furaha alinyonya kwa kelele, akamkwaruza mama yake. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya jengo kwa muda.

Hatukurudi Burungu. Tulikaa Mpofi, nikapata shule ya msingi ya kufundisha, na watoto wa huko wananisamehe mengi. Msimu wa mvua uliopita nikasikia sokoni kwamba kuna mama mzee, muuguzi mstaafu, amehamia kwa mdogo wake nyuma ya kanisa, na ana kiburi: hashiki mtu mkono. Nilikwenda kesho yake, na Furaha, ambaye sasa ana miaka mitatu na alikuwa akikohoa. Mke wangu alitufuata bila kualikwa.

Alikuwa barazani akimenya karanga. Nywele zimekuwa nyeupe, macho yamefifia, buti ni zile zile. Ingawa hakuwa tena na kituo, wanawake wanne waliketi hapo na watoto wao. Alinitambua kwa sauti, akatoa kiwiko.

Nilikuwa nimeiandaa hotuba njia nzima. "Mama Muuguzi, kuna jambo ambalo dhamiri yangu kwa muda mrefu…"

"Mutoto anakohoa. Tangu lini?"

"Siku mbili. Lakini nilikuwa nasema kwamba dhamiri yangu…"

"Dhamiri iko na homa?"

Wanawake waliangua kicheko.

"Hapana, Mama."

"Basi ingoje. Lete mutoto."

Sahani mbili za bati zikatolewa, na maharage mekundu arobaini. "Macho yangu haione tena kifua," akasema. "Hesabu weye." Nikapiga magoti, nikamfunua Furaha. Nilihamisha punje moja moja, kama mama yeyote wa Burungu.

"Basi," akasema. "Imebaki ngapi?"

"Kumi na moja."

Akapumua. Kisha, akijifanya mkali: "Mupige sindano?"

"Sindano ya nini, Mama?"

Alicheka mpaka karanga zikamwagika. Alipomaliza kufuta macho alisema, "Haya. Sasa sema ile yako."

Hotuba yote ilikuwa imenitoka. "Nilikosea," nikasema.

"Bamama hawakusikia."

Nikasimama. Niliwageukia wanawake wale wanne, ambao hawakunijua, nikawasimulia habari za uwanja wa kanisa, uzi niliokata na punje nilizomwaga, na pindo la kitenge lililomwokoa mtoto huyu. Nikasema tena, kwa sauti ya darasani, "Nilikosea." Mke wangu alitazama chini, akitabasamu.

"Na wale kuku," mmoja akauliza, "hawakukufa?"

"Balinenepa," Mama Muuguzi akajibu.

Kisha akakusanya maharage arobaini, akayatia katika mfuko mdogo, akaupitisha uzi. Mke wangu alinyoosha mkono, hakumpa. Aliunyoosha kwangu. Furaha akainua kidevu, akangoja. Nikauzungusha uzi shingoni mwake, nikafunga mafundo mawili.